Manjano Kwenye Wali

Bibi yangu mzaa baba alikuwa haniiti jina. Aliniita mke mwenzangu, na kila nikikosea jikoni alisema nafanya makusudi, nataka kumuua nibaki na babu peke yangu. Babu mwenyewe alikuwa ameshafariki zamani. Bibi hakujali.

Mwaka mmoja, katika ile miaka ya hamsini, miguu ilimvimba, akawa akitembea kidogo tu anahema. Tulimpeleka hospitali ya misheni hapo Ifakara. Sista akampa vidonge vya moyo: kimoja kila siku, baada ya kula. Bibi akavifunga kwenye pindo la kanga, akashukuru kwa adabu zote.

Wiki zikapita, miguu vilevile. Nikalifungua lile pindo. Vidonge vimejaa tele!

"Bibi, mbona hunywi dawa?"

"Si wamesema baada ya kula? Mimi nimekula?"

"Jana umekula muhogo. Leo asubuhi ndizi."

"Huko ni kutafuna," akasema. "Kula ni wali."

Jamani! Ilikuwa masika, mpunga bado uko shambani, ghala tupu. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Yeye akaendelea kutafuna muhogo wake.

Mavuno yakaingia, kila nyumba ikawa inapika wali, na mzee hapiti mlangoni kwa mtu akaachwa aende bila sahani. Bibi akaanza kuzunguka kusalimia watu, hata wale aliokuwa akiwasema. Kila sahani, kidonge. Miguu ikanywea, sisi tukafurahi.

Siku moja nikamwandalia chakula, akakitazama, akasukuma sahani.

"Mke mwenzangu, nani kakwambia utie manjano?"

Wali ulikuwa mweupe pee. Nikacheka, nikijua ni utani wake. Akatazama shuka kwenye kamba, akauliza nalo kwa nini nimelitia manjano. Halafu akatapika, na mimi kicheko kikaniisha. Nikashika pindo la kanga: vimebaki vidonge viwili tu.

Tulimbeba kwa machela. Sista aliposikia habari ya manjano, uso ulimbadilika. Alisema dawa ile ikizidi mtu huona hivyo, ikizidi tena moyo husimama. Asiguse kidonge mpaka aambiwe. Na baadaye atakunywa kimoja tu, jua likichomoza, awe amekula au hakula. Vile viwili nikavifunga kwenye kanga yangu mimi.

Kila mchana nilimpelekea wali wodini, nikamuuliza una rangi gani. "Manjano," alijibu, na kunigeuzia mgongo. Hakuniita mke mwenzangu hata mara moja. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Mpaka siku aliyoketi mwenyewe, akaitazama sahani kwa muda mrefu.

"Mweupe," akasema.

Nikaanza kulia palepale. Akachukua tonge, akatafuna taratibu, akanikazia macho.

"Mweupe, lakini haujaiva. Mke mwenzangu, bado tu unataka kuniua?"