Ndayisaba na Sauti ya Tano

Mwaka 1998, huku kwetu Nzahaha, Rwanda, saa kumi na mbili jioni kila mtu alikuwa ndani pamoja na mbuzi wake. Ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, kulikuwa na vita, na watu wenye bunduki walivuka usiku. Ilisemekana wanaitana kwa sauti ya bundi. Kwa hiyo wanaume tulifanya irondo, yaani ulinzi wa usiku, kwa zamu, tukiwa na marungu na filimbi moja. Filimbi ikilia, askari wa kituo cha juu walipiga risasi bondeni.

Usiku mmoja tulisikia ukelele, tukaipuliza. Asubuhi tukakuta ng'ombe wa mwenzetu Nzabonimana amekufa, na bundi mweupe amesinzia ndani ya ghala, mzima kabisa.

Ndipo jirani yangu Ndayisaba, mtu wa maneno machache, aliposema, "Huyu haimbi. Anapiga kelele kama nguo inayopasuka."

Alikulia Kongo. Yeye na mdogo wake Niyonsenga walilinda kahawa ya baba yao usiku, mmoja juu ya kilima, mwingine chini. Aliyetaka kupanda aliita kama bundi dume wa msituni: sauti mbili, kimya, kisha nne za haraka. Mwenzake alijibu kama jike, sauti moja nyembamba, ndefu. Asiyejibiwa hakusogea.

"Mudogo wangu nilimufundisha mwaka muzima," aliniambia. "Kila mara anaongeza ya tano."

Ndayisaba alirudi Rwanda. Niyonsenga alibaki huko, na tangu vita vya 1996 hakuna aliyepata habari zake.

Karangwa, mkuu wa irondo, alifurahi kupata masikio kama hayo. Sisi tulipokezana zamu, lakini Ndayisaba aliitwa kila usiku. Mke wake Vénantie alimfuata Karangwa hadi shambani.

"Mzee, bwana yangu si redio. Mumupumzishe hata siku mbili."

"Maman, redio inamaliza mabuye yake ya betri. Yeye hamalizi."

Watu walicheka. Mimi niliyekaa karibu na Ndayisaba sikucheka, maana kila sauti ilipotoka bondeni aliulizwa yeye kama ni ndege au mtu. Akisema ni mtu, mtu atapigwa risasi. Akisema ni ndege, naye amekosea, tutakufa sisi na watoto wetu. Kukataa kuja hakuweza, maana watu wangeuliza anamficha nani.

Mwezi wa Novemba, mvua ilipokatika, sauti ilitoka chini kwenye matete. Mbili. Kimya. Kisha nne, na moja juu yake.

Nilimtazama Ndayisaba. Alikuwa ameshika rungu kwa mikono miwili kama mtu anayezama.

Karangwa aliweka filimbi mdomoni, kisha akaitoa. "Ndege ama muntu?"

Ndayisaba alitazama kwenye matete. Kama huyo chini alikuwa peke yake akitafuta nyumbani, au alikuwa na bunduki na wenzake nyuma yake, sauti haikusema.

"Ndege."

"Uko hakika?"

"Niko hakika, mzee."

Sauti ikaja tena, pamoja na ile ya tano. Ikangoja. Ikaja mara ya tatu. Ilihitaji jibu moja tu, lile la jike, lakini Karangwa alikuwa begani pa Ndayisaba. Nami sikumpinga, kwa sababu nilikuwa nimehesabu ile ya tano. Baada ya hapo tulisikia vyura tu mpaka kukapambazuka.

Siku ya pili Karangwa mwenyewe alimwambia apumzike. Ndayisaba alikataa. Alikuja usiku huo na kila usiku uliofuata, hata akiwa na malaria. Vénantie hakumfuata Karangwa tena. Sasa aligombana na mumewe, naye alichukua rungu akatoka.

Irondo ilipungua baada ya miaka, vita vilipopoa. Usiku mmoja nilikuwa kitandani nikasikia, kutoka uani kwa Ndayisaba, sauti ya bundi jike. Moja, nyembamba, ndefu. Akaipiga tena.

Bondeni kukajibiwa.

Nilikaa nikahesabu. Mbili. Kimya. Kisha nne.

Nilingoja ya tano, ile ya Niyonsenga. Nadhani Ndayisaba naye aliingoja, maana ilichukua muda mrefu kabla sijasikia mlango wake ukifungwa.