Kutoka Chungu cha Nne

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni polepole. Lakini hili nimetaka kuliandika mwenyewe.

Sataranji nilifundishwa na mwalimu aliyepanga kwetu Bukundi, kwa vifuniko vya soda tulivyovichora alama. Ubao wenye kete za kweli sikuwahi kuugusa. Nyumbani tulikuwa na desturi: ukiona mwenzako ameshashindwa, humalizii. Unainuka, unajifanya unakwenda kuangalia ndama, naye anakusanya vifuniko kimya kimya. Kumnasa mfalme wake mbele ya watu ni kumvua nguo.

Nilipohamia Bariadi kwa binamu yangu, ambaye ni msusi, nikapata simu na kuanza kucheza mtandaoni. Nikishaona nimeshinda, natoka. Sikujua kwamba ukitoka, kompyuta inahesabu umekubali kushindwa. Pointi zangu zikaporomoka, nami nikadhani wageni wote huanzia chini.

Kisha vijana wa mkoa wakatangaza mashindano ya mtandaoni. Kila kundi lingetoa mmoja, na hao wangekutana ukumbini hapa Bariadi, kwenye mbao za kweli. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikawa naiota.

Makundi yalipangwa hivi: wenye pointi nyingi waliwekwa chungu cha kwanza, waliofuata cha pili, mpaka cha nne. Halafu kila kundi likachota mmoja kutoka kila chungu, ili wababe wasikutane mapema. Mimi nilikuwa chungu cha nne, na kundi langu likampata mwanachuo mmoja wa Maswa, namba moja wa wote.

Akaandika kwenye grupu la mashindano: "Asanteni waandaaji kwa pointi za bure. Huyu wa chungu cha nne nitamcheza huku nakula ugali."

Wakacheka.

Mechi ya kwanza, na yule wa chungu cha tatu, nilimbana mpaka ikabaki hatua moja tu. Nikatoka kwa heshima. Waandaaji wakatuma matokeo kwenye grupu: nimeshindwa.

Binamu alikuwa anamsuka mteja. Nikamwonyesha.

"Si ulikuwa unashinda?"

"Nilishashinda."

"Sasa ukatoka kwa nini?"

"Nisimwaibishe."

Aliachia nywele, akacheka mpaka mteja naye akacheka. "Bebe, wewe! Kompyuta inajua aibu? Unalima pamba, unapalilia, halafu mavuno unamwachia jirani? Malizia, mdogo wangu!"

Mechi ya pili nilimalizia. Ikabaki ya namba moja. Yeye alikuwa ameshinda zote mbili, na yule wa chungu cha tatu alikuwa ameshafungwa na wengine wote. Nikimfunga tungelingana pointi, na kanuni ilimpitisha aliyemfunga mwenzake.

Alicheza harakaharaka, kama mtu anayekula kweli. Akanila farasi, akanila askari wawili. Lakini mfalme wake alikuwa amekaa mstari wa nyuma, amezibwa na askari wake mwenyewe, na mlinzi wa mstari ule alikuwa ameshatoka kwenda kuwinda. Nikaona njia ya ngome yangu. Mwili wote uliniambia nitoke, inatosha, ameshaelewa. Nikabonyeza.

Mfalme amenaswa.

Binamu akapiga vigelegele, na mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa akapiga pia. Kwenye grupu, namba moja akaandika: "Ugali umenikwama. Hongera, kaka."

Ukumbini nilikuta kete za mti, nzito, zenye kitambaa chini ili zisipige kelele. Nilishika farasi kwanza kabla ya kukaa. Siku ile nilimaliza wa pili katika mkoa mzima, na niliyemfunga nusu fainali alinipa mkono huku akitabasamu. Wala hakuvuliwa nguo yoyote. Orodha mpya ya mashindano yajayo imetoka juzi. Nimo chungu cha kwanza, na nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Wewe unayesoma, kama unacheza, niambie kwenu mchezo huishaje, na kama kuna aliyekuweka chini ukapanda. Niandikie. Majibu yangu yatachelewa, lakini yatafika.