Uzito wa Tela Tupu

Kaka yangu hutengeneza matela, na kabla salamu hazijaisha huwa keshakuuliza gari lako linavuta kilo ngapi. Ukimjibu "za kutosha tu," anakusogezea kiti na kuendelea na kazi yake mpaka ukumbuke. Karakana yake ni bati juu ya nguzo sita, na nyuma pana mzani mkubwa alioupata kwa wauza vyuma chakavu. Hakuna tela linalotoka pale bila kibao cha chuma kilichogongwa namba mbili: uzito wa tela tupu, na mzigo wa mwisho linaoruhusiwa kubeba.

Mwaka jana mume wangu alipata kazi ya kupeleka maji kwenye jengo la ghorofa, lita elfu nne kila siku. Alikuwa amekaa nyumbani miezi saba, na mtu akikaa hivyo hata mlango huufunga polepole. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kitabu cha pikapu yetu kilisema mwisho wa kuvuta ni kilo elfu moja na mia mbili. Lita elfu moja za maji ni kilo elfu moja. Basi safari nne, na akiba juu. Akamwahidi msimamizi wa jengo safari nne.

Ijumaa tela alilomwagiza kaka likapandishwa mzanini pamoja na tangi lake, likiwa tupu. Kilo mia tatu na themanini. Mume wangu aliutazama mzani kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Karibu kila mteja husahau hilo, kaka aliniambia baadaye. Mzigo wanaupima, tela wanalihesabu kama hewa.

Mume wangu alianza kwa utani, kama mashemeji walivyozoea, kwamba fundi angepunguza kula na tela nalo lingekonda. Kisha akashusha sauti, akaomba kibaoni igongwe mia mbili tu. Wakala wa bima angekuja Jumatatu, na wakala hana mzani, husoma kibao.

Kaka akafuta mikono, akaichukua karatasi ya bima, akausoma taratibu mstari aliokuwa akiutafuta: uzito wote unaovutwa ukizidi kiwango cha gari, bima hailipi. Si pikapu, si tela, wala yule utakayemgonga.

"Shemeji, nikiandika uongo wakala ataamini," alisema. "Breki hazijui kusoma."

"Nina kazi moja tu. Niipoteze kwa kilo mia na themanini?"

Kaka akanitazama. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikainama kufuta vumbi kwenye viatu.

Akagonga mia tatu na themanini. Kisha akatoboa tangi kwenye alama ya lita mia nane, akatia bomba fupi, ili maji yakizidi hapo yamwagike yenyewe. Wakala alikuja, akasoma, akatia saini. Msimamizi wa jengo alinung'unika, lakini maji yalifika, kwa safari tano. Mume wangu huondoka saa moja mapema.

Kazi anayo mpaka leo. Jumapili kaka akija kwetu humchokoza kwa neno moja, mawili, kisha hungoja arudishiwe utani. Mume wangu humshukuru kwa adabu, akamwongezea chai.