Mfereji wa Mjomba

Mimi hupima visima vya mafuta vinapochorongwa. Kifaa changu hushuka na mabomba hadi karibu na ncha inayochimba, kutuambia huko chini tunaelekea wapi. Waya haufiki huko, na betri hazidumu kwenye joto lile, kwa hiyo hujitengenezea umeme: kina feni ndogo ya chuma, na tope la kuchorongea linalopita ndani ya bomba huizungusha.

Hayo niliyatangaza kijijini Kalenga, kwenye kipaimara cha binamu yangu, sahani ya pilau mkononi na kichwa kimevimba. "Tope linapita tu, umeme unatoka," nilisema.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, akauliza kama maji nayo yangefaa.

"Maji ndiyo mazuri zaidi. Kafeni kenyewe kadogo, nitakuletea kamoja."

Watu walicheka, nami nikacheka. Nikarudi kwangu Soweto, Mbeya, nikasahau. Yeye hakusahau, maana kwake neno likisemwa mbele ya watu ni ahadi.

Kiangazi hiki nilikwenda tena, na mchele wa Kyela na kitenge cha mkewe nilivyonunua sokoni Mwanjelwa. Hakuvitazama. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Mfereji aliouchimba ulitoka mtoni, ukapita kando ya shamba hadi kwenye banda la vifaranga, kingo zake zimepigwapigwa kwa jembe zikalainika. Bandani alishatundika balbu.

"Haya mjomba, kafeni kako wapi? Majirani wananicheka tangu masika."

Maji yalikwenda polepole, yamebeba jani kavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku ile ya pilau nilisifia feni, sikutaja pampu. Kule kazini, juu ya kisima, kuna mapampu ya dizeli yanayonguruma kutwa kucha, na ndiyo yanayolisukuma tope. Feni haipati kitu cha bure. Hata umeme wenyewe ni wa kutosha kifaa changu tu. Nilimweleza yote hayo nikiangalia viatu vyangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kumbe kuna pampu," akasema.

Majirani wawili walishaniona, wakawa wanakuja na vicheko vyao. Nilijua sasa atanitaja, na ilikuwa haki yake. Mjomba akaingia bandani, akatoka na balbu mfukoni mwa koti. Akachukua jembe, akakata ukingo wa mfereji, maji yakamwagikia shambani.

"Huyu mjomba wangu mtaalamu ndiye alinishauri," akawaambia. "Nilime kinyungu, bustani ya kumwagilia. Kiangazi chote sisi tutakula mboga."

Vicheko vikaisha. Wakanipa mikono, mmoja mmoja, wakanisifu. Mmoja akaniomba niende na kwake nikamwonyeshe pa kuchimba.

"Nitakuja," nikasema, mbele ya watu tena.

Mjomba akageuza uso, akaanza kulima.