Spana Imelala Kitini

Fundi yule wa Temeke haongei na mwenye gari, huongea na gari lenyewe. "Haya bibi, wapi panakuuma?" Kisha huifuta spana yake, moja tu aliyonayo, kana kwamba ni kijiko cha kulia, ndipo aingie uvunguni. Mzee Zahor, mwenye duka, alimletea pikapu yake ya tangu vita vya Hitla, usukani umelegea, unachezacheza kama jino bovu. Fundi alikaza nati, akatoka, akaifuta spana, akaiweka kitini na kuushika usukani kwa vidole viwili. Tuli. "Shika wewe, mzee." Zahor akashika, ukatetemeka. Akauachia, ukatulia. Akashika tena, ukatetemeka vilevile. Mbona kwa fundi umetulia? Alipoinua macho, fundi alikuwa anaitazama mikono ya mzee, si gari.

"Bado kidogo, mzee," akasema taratibu. "Hili gari lako kaidi." Akarudi uvunguni, akawa anaguna kama mtu akazaye nati iliyoshika kutu. Zahor alingoja juu, haelewi kitu. Ubavuni pake, kitini, spana ilikuwa imelala palepale, safi.