Wanataka nimshukuru mume wangu kwa mguu ambao hakunitafutia

Admin, ukiposti hii tafadhali usiweke jina langu. Watoto wangu wote wako kwa hii page.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, naishi upande wa Asumbi. Nina mume, watoto wanne na wajukuu. Mguu wangu wa kulia ni wa bandia, kutoka chini ya goti. Mwezi ujao watoto wanatufanyia sherehe kanisani ya kushukuru kwa ndoa yetu, na wameniwekea nafasi ya kusimama nitoe ushuhuda jinsi baba yao alivyonipigania nilipokatwa mguu. Nikisikia hayo maneno nasikia kutapika, na nitawaeleza kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba huko Homa Bay. Siku moja mkanda wa mashine ulinasa leso niliyojifunga kiunoni, ukanivuta. Nilipopata fahamu nilikuwa hospitali na mguu haupo. Kiwanda kilikuwa na bima ya wafanyakazi, kwa hivyo niliambiwa nisiwe na wasiwasi, bima italipia mguu wa bandia. Nilipelekwa kwa ofisi yao Migori.

Afisa aliyenihudumia alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya upole. Alisoma barua ya daktari akanirudishia.

"Mama, hii inasema mguu ulikatwa. Haisemi popote kwamba unahitaji mguu mwingine."

Nikamuuliza, "Sasa nani anakatwa mguu halafu hauhitaji?"

"Mimi naangalia karatasi, mama."

Nikarudi Homa Bay na magongo yangu, kwapa zimechubuka, nikamtafuta daktari aandike hayo maneno. Niliporudi Migori, afisa akasema sasa anataka picha inayoonyesha uso wangu na mahali nilipokatwa, yote pamoja, ili bima ijue kigutu ni changu na si cha mtu mwingine. Nikaenda studio nikakaa kwa stuli, nikainua nguo mbele ya kijana wa kamera. Nililia, na hiyo picha ikatoka nikilia.

Nilipompelekea akaiangalia, akasema picha haitoshi, lazima ahakikishe kwa macho. Mle ofisini kulikuwa na wanaume wengine wawili wanakunywa chai. Hakuwaambia watoke. Niliinua nguo. Akachukua biro aliyokuwa akiandikia, akaanza kudunga kigutu changu nayo. "Hapa inauma? Na hapa?" Mmoja wa wale wa chai akacheka na mandazi mdomoni. Mpaka leo nikiona mtu anachezea biro najisikia vibaya.

Wenzake walipotoka, akafunga faili akaniambia kila kitu kiko sawa, imebaki sahihi yake tu. Nikamshukuru. Akasema, "Hiyo sahihi siweki hapa. Jioni nitakuwa kwa chumba cha lojing'i nyuma ya stendi. Kuja peke yako. Hata hayo magongo utayaacha mlangoni."

Nilimwambia nitamwambia mume wangu. Akatabasamu. "Mwambie."

Nilifika nyumbani. Mume wangu alikuwa uani anaziba pancha ya baiskeli. Nilimweleza yote, biro, kicheko, lojing'i. Nilitegemea arushe ile baiskeli. Nilitegemea hata atukane tu. Alipaka gundi, halafu akauliza:

"Kwani imebaki sahihi peke yake?"

"Ndiyo, wuon Akinyi." Kwetu ndivyo tunavyoitana, wuon na min, baba na mama wa Akinyi.

"Si ungeenda tu, min Akinyi. Angekufanya nini cha ajabu? Mimi ndiye nakubebea maji ya kuoga kila siku. Nimechoka."

Nilitapika pale pale, karibu na pampu. Aliinuka akasogeza baiskeli isichafuke.

Sikurudi ile ofisi tena. Madai yalifia kwa faili. Niliendelea kulima nikiwa nimekaa chini, najivuta kwa makalio kutoka mstari hadi mstari, mpaka sista mmoja mzee wa misheni akanikuta hivyo shambani. Hakuniuliza barua wala picha. Alinipeleka kwa karakana ya viungo bandia, wakazungusha plasta kwenye kigutu kupata kipimo, na baadaye nikaitwa kuchukua mguu. Siku hiyo mume wangu alinisindikiza. Alibeba mkoba wangu. Majirani walituona tukishuka gari pamoja, mimi nimesimama wima, wakampongeza yeye!

Hapo ndipo hadithi yake ilianza. Kwanza alikuwa anasema alinisaidia. Baadaye ikawa alienda Migori. Sasa hivi anawaambia wajukuu aligonga meza ya bima mpaka wakatoa mguu, na mimi niko hapo hapo napakua ugali.

Sitamsingizia, hajawahi kunipiga. Siku hizi mguu ukinichubua ananipashia maji. Lakini akinigusa pale kwenye kigutu nakunja uso gizani. Wiki iliyopita nilimuuliza, "Unakumbuka uliniambia nini ule mwaka?" Akasema, "Hayo ni ya zamani, tulikuwa na shida. Usiniaibishe mbele ya watoto."

Jana binti yangu mkubwa aliniletea nguo ya sherehe. Alinikumbatia akasema, "Mama, uanzie pale Baba alipokuletea mguu. Hapo watu watalia."

Nikisimama niseme ukweli, nitavunja mioyo ya watoto ambao hawajanikosea. Nikisema uongo, nitakuwa nimemshukuru mtu aliyetaka kuniuza kwa sahihi, tena madhabahuni. Nikikataa kusimama, wataniuliza sababu. Ndugu zangu, nyinyi mngesimama mseme nini? Nisaidieni, mimi mate yamenijaa mdomoni na sijui niyateme wapi.