Mzee Aliyeruhusiwa Asubuhi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka mpaka leo mwili unasisimka. Nilikuwa mama kijana, nimeolewa hapa Kitengela, na Naserian, mtoto wangu wa kwanza, akaanza kushindwa kupumua mchana kweupe. Midomo ikageuka rangi. Mimi na baba yake tukakimbia naye hospitali, mpaka chumba cha dharura.

Kumejaa! Watu wamekaa hadi sakafuni, na wengine, Mungu awasamehe, walikuja na mafua tu. Nesi alimtazama mtoto mara moja, akamnyakua mikononi mwangu.

"Mama, huyu anataka oksijeni sasa hivi. Lakini iliyoko hapa iko na mgonjwa anayengojea kitanda wodini, kwenye oksijeni ya huko juu."

"Si mumpeleke wodini!"

"Wodi imejaa. Kuna mzee aliruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi, na watu wake bado hawajamchukua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikapanda ngazi mbio mpaka wodini. Nikamkuta mzee mwenyewe amekaa kitandani, shuka begani, fimbo mkononi, mzima kabisa. Nikamwambia huku nalia kwamba mtoto wangu anakufa huko chini. Macho yakamtoka.

"Hiki kitanda kinangojewa? Mbona hakuna mtu ameniambia?"

Akainuka bila kungoja kushikwa, akashuka, akaketi kwenye benchi. Mgonjwa wa chini akapandishwa, Naserian akawekewa oksijeni. Nilisimama pale nikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka.

Jioni wana wa yule mzee wakaja wakicheka, wametoka kuuza mbuzi soko la Kiserian. Mzee hakuitikia salamu yao.

"Mnajua nimekalia nini tangu asubuhi?" akawauliza. "Nimekalia pumzi ya mtoto wa watu."

Wanaume wazima wale wakainamisha vichwa, wakamshika baba yao mkono wakampeleka nyumbani.

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi nilimwona mwana akiponyoka, mwanangu. Tunawapigia manesi kelele, kumbe foleni nyingine tunaitengeneza sisi wenyewe. Mgonjwa wako akiruhusiwa, acha soko, nenda umchukue. Ukishikwa na mafua, zahanati ya mtaa inatosha. Na ukimwona aliyezidiwa kuliko wewe, mpishe, hata kama ulitangulia.

Enkai, Mungu wetu Wamaasai, akufunike, akupe mvua malishoni na afya nyumbani. Na siku utakayokimbia na mgonjwa mikononi, ukute nafasi.